Kila Sura Ina Mwenyewe

Tarehe 14 Mei 1904, pale Baringa, kaskazini magharibi mwa Kongo, mwanamume aitwaye Nsala alifika kwenye nyumba ya wamisionari akiwa na kifurushi cha majani. Ndani yake mlikuwa na kitanga cha mkono na unyayo wa binti yake Boali, mtoto wa miaka kama mitano. Walinzi wa ABIR, kampuni iliyopewa kibali na serikali ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, aliyeitawala Kongo kama mali yake binafsi, kukusanya mpira katika eneo lile, walikuwa wamekivamia kijiji chake kwa sababu mpira haukufikia kiwango walichotaka. Alice Seeley Harris, mmisionari wa Kiingereza, alimwomba Nsala akae barazani, kisha akachukua kamera.

Ukiitazama picha ile leo, kinachokushika kwanza ni Nsala. Ameketi ukingoni mwa baraza, anaonekana kwa ubavu, macho ameyaelekeza chini. Vile viungo viwili vimelala sakafuni mbele yake, vidogo mno, kiasi kwamba jicho linavipita na kuvirudia baadaye, likishaanza kujiuliza huyu baba anatazama nini. Nyuma yake wamesimama watu wengine, kimya. Harris angeweza kusogea akapiga viungo peke yake. Zipo picha nyingine za Kongo za miaka ile ambamo vijana waliokatwa mikono wamewekewa kitambaa cheupe ili kigutu kionekane vizuri zaidi, na hizo nazo zilikuwa na kazi yake, kazi ya ushahidi. Lakini siku ile ya Mei mpiga picha alirudi nyuma hatua chache akampa baba nafasi. Ndiyo maana mimi, niliyezaliwa vizazi vingi baadaye, nikiikumbuka namkumbuka mzazi.

Picha hizo zilihamishiwa kwenye vioo, zikamulikwa ukutani kwa taa katika kumbi za makanisa Uingereza na Marekani. Watu waliokuja jioni na watoto wao kusikiliza habari za misheni walirudi nyumbani wakijua mpira wa matairi ya baiskeli umetoka wapi na kwa gharama ya nani. Harakati za kudai mageuzi Kongo zilishika kasi, na mwaka 1908 Leopold alilazimika kuiachia Kongo, ikawa koloni la Ubelgiji. Haikuwa kazi ya picha peke yake: kulikuwa na ripoti ya Roger Casement, konsuli wa Uingereza, kulikuwa na barua za wamisionari, kulikuwa na Wakongo waliosimama mbele ya tume ya uchunguzi wakaeleza kwa vinywa vyao waliyoyaona. Wala ukoloni wa Ubelgiji haukuwa ukombozi. Lakini picha ilifanya jambo ambalo ripoti ilikuwa haijalifanya, ikawafanya watu wa mbali waone aibu.

Nimeanza na Nsala kwa sababu mimi ni mpiga picha, na picha ninazozipenda kuliko zote ni za sura za watu. Mara nyingi katika mazungumzo yetu sisi wa kazi hii hubishaniwa kama mateso ya mtu yanafaa kuwa sanaa. Wapo wanaosema picha ikiwa nzuri mno inamlaghai mtazamaji: anasifia mwanga, anasifia kivuli, anamsahau mtu. Mimi sikubaliani nao. Picha ya Nsala imepangwa. Mtu aliambiwa akae wapi, kamera ikachaguliwa isimame wapi, na mpangilio huo ndio unaotufanya tushindwe kuikwepa. Uzuri si kosa. Ninachokiuliza mimi ni kingine: mwenye sura ana sauti gani juu ya sura yake? Anajulikana kwa jina? Aliambiwa picha inakwenda wapi? Kuna kitu kilichomrudia?

Na hapo hata picha ya Baringa inapungukiwa. Jina la Nsala tunalo kwa sababu liliandikwa, na hilo ni jambo kubwa kwa zama zile. Lakini kwenye zile kumbi za Ulaya aliyesimama kuzungumza alikuwa mmisionari, na hadithi ikafungwa kwa nyimbo za dini. Nsala alibaki ukutani, akimulikwa usiku baada ya usiku mbele ya watu asiowajua.

Miaka 32 baadaye, Machi 1936, Dorothea Lange alisimamisha gari lake kwenye kambi ya wavunaji wa njegere pale Nipomo, California. Alikuwa ameajiriwa na serikali ya Marekani kupiga picha za wakulima waliofilisika. Akampiga mama mmoja aliyekuwa kwenye hema na wanawe, fremu chache tu, na katika ile iliyopata umaarufu watoto wawili wamegeuza nyuso zao wakaegemea mabega ya mama, yeye mwenyewe ameshika shavu na kutazama mbali. Lange hakuuliza jina. Gazeti lilipochapisha habari ile, serikali ilipeleka chakula Nipomo, lakini mama yule na familia yake walikuwa wameshahama kutafuta kibarua kwingine.

Jina lake lilijulikana hadharani mwaka 1978: Florence Owens Thompson, mwanamke wa asili ya Kicherokee, mojawapo ya jamii za wenyeji wa asili wa Marekani. Alisema anatamani picha ile isingepigwa, na kwamba hakuwahi kupata hata senti moja kutokana nayo. Mwaka 1983 alipougua sana, watoto wake waliomba msaada kwa umma, na watu walioikumbuka picha wakatuma maelfu ya dola. Alifariki mwaka huo huo. Mwaka 1998 nakala moja ya picha hiyo iliuzwa kwenye mnada New York kwa dola 244,500. Siwezi kuitazama tena picha ile bila kuziweka hesabu hizo mbili bega kwa bega. Ni picha iliyosaidia watu wengi, nalikubali hilo kwa moyo mmoja. Aliyeibeba usoni mwake kwa zaidi ya miaka 40 ndiye aliyesaidika mwisho.

Sasa nije nyumbani.

Mimi ni mtoto wa Ngara, Tanzania, mpakani na Rwanda. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, kwa muda wa kama saa 24, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia wilayani kwetu. Umoja wa Mataifa ulisema haujawahi kuona watu wengi kiasi hicho wakikimbia kwa kasi kiasi hicho. Walipewa eneo lililoitwa Benaco, jina lililoachwa na kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara, na kwa siku chache tu mahali palipokuwa na nyasi na ng'ombe pakawa mji mkubwa kuliko karibu miji yote ya Tanzania. Nakumbuka moshi. Kuni zilikuwa zinapikiwa na watu wengi hivi kwamba asubuhi vilima havikuonekana. Nakumbuka mto Kagera, na watu wazima wakitukataza watoto kwenda kuutazama, kwa sababu ya kilichokuwa kikielea.

Na nakumbuka wageni wenye kamera. Walikuja kwa magari ya mashirika, wakashuka, wakapanda. Sikuwajua majina. Baadaye sana, nikiwa tayari najifunza kazi hii, niligundua kwamba wapiga picha wawili ninaowafikiria kila siku walipita Ngara mwaka ule ule.

Wa kwanza ni Sebastião Salgado. Alizaliwa mwaka 1944 Aimorés, Brazil, akasomea uchumi, akafanya kazi London kwenye shirika la kimataifa la kahawa. Safari za kazi hiyo ndizo zilizomleta Afrika, Rwanda ikiwamo, na mwaka 1973 aliacha uchumi akashika kamera moja kwa moja. Katikati ya miaka ya 1980 alizunguka nchi za Sahel wakati wa ukame, akishirikiana na shirika la tiba la Madaktari Wasio na Mipaka. Picha zake zilizompa jina ni nyeusi na nyeupe, pana, zenye mwanga wa kukufanya ukae chini. Picha yake ya Benaco ina mahema mpaka upeo wa macho, moshi, na umati. Mtu wa Ngara akiiona anapatambua mara moja. Ndivyo ilivyokuwa, hakuongeza chumvi.

Salgado alilaumiwa sana. Mwaka 1991 mwandishi Ingrid Sischy aliandika kwamba kuyaremba mateso kunamfanya mtazamaji apendezwe badala ya kuchukua hatua. Mwaka 2003 mwandishi mwingine, Susan Sontag, akagusa mahali pengine: kwamba maelezo ya picha zake hayataji majina ya watu. Mpiga picha jina lake lajulikana dunia nzima, mpigwa picha anabaki mwakilishi wa kabila lake, kazi yake au dhiki yake. Lawama ya Sischy mimi siichukui. Lawama ya Sontag naiona ni ya haki, na inaniuma kwa sababu nampenda Salgado. Kwenye picha ya Benaco naona umati ninaoukumbuka, lakini simwoni mtu hata mmoja ambaye ningeweza kwenda kumtafuta.

Niseme pia lililo haki yake. Yale aliyoyaona Rwanda na Goma yalimvunja. Yeye mwenyewe alieleza kwamba aliugua, akaacha kamera, akarudi kwenye shamba la wazazi wake lililokuwa limekauka. Yeye na mke wake Lélia wakaanza kupanda miti, na mwaka 1998 wakaanzisha Instituto Terra. Miti iliyopandwa pale imepita milioni mbili. Alifariki Mei 2025. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwita mfanyabiashara wa huzuni.

Wa pili hajulikani sana kwetu, na ni aibu kwa sababu nusu yake ni wa hapa hapa. Fazal Sheikh alizaliwa New York mwaka 1965, lakini baba yake ni mzaliwa wa Nairobi, na babu yake alihamia Kenya kutoka kaskazini ya India ya wakati ule. Mwaka 1992 alikuja Kenya kwa ufadhili wa masomo, akaenda kwenye kambi za Wasomali, Waethiopia na Wasudani kaskazini mwa nchi. Aliwaona waandishi wa habari wakishuka kwenye ndege, wakaenda moja kwa moja kwenye vituo vya kulishia watoto wenye utapiamlo, wakapiga, wakapanda ndege. Yeye akabaki. Alitafuta wazee wa jamii, akaeleza anachotaka, akasubiri wamruhusu, na watu wakaamua wenyewe wasimame vipi na nani asimame na nani.

Mwaka 1994 alikuwa Lumasi, kambi iliyo jirani na Benaco. Kuna picha yake moja ya pale ambayo ningeitundika kwenye kila ofisi ya shirika la misaada. Katikati ni mkunga wa jadi, mikononi ana watoto wawili wachanga, kushoto na kulia kwake wako mama zao. Wamekaa kama watu wanaokaa kupigwa picha ya familia. Maelezo ya picha yanamtaja mkunga kwa jina, yanawataja akina mama, yanawataja hata wale wachanga pamoja na maana za majina yao, ambazo zote zinamwelekea Mungu. Siyarudii majina hayo hapa, kwa sababu watu wale walimpa yeye, kwa picha ile, hawakunipa mimi. Lakini nilipoyasoma mara ya kwanza nilijua kwamba wale wachanga, kama wako hai, wana umri wa mtu wa kuoa na kuolewa, na kwamba mtu akitaka anaweza kuwaulizia. Hakuna kilichofichwa kuhusu hali yao. Ni wakimbizi, wako kwenye kambi, mwaka ni 1994. Na bado ni watu wenye kwao.

Sheikh alirudi tena Kenya mwaka 2000 kwenye kambi za Dadaab, akakaa na wanawake wa Kisomali, safari hii akiwaachia pia nafasi ya kueleza kwa maneno yao yaliyowapata. Vitabu vyake kadhaa ameviweka wazi mtandaoni, mtu asome bila kulipa. Kurudi huko ndiko kunakonivuta zaidi kwake. Ni wapiga picha wangapi wa misaada unaowajua waliorudi kwenye kambi ile ile baada ya miaka saba au minane, wakati habari imeshapoa na hakuna gazeti linalonunua?

Hata hivyo habari ya Ngara haikubali kufanywa nyepesi, nami sitaki msomaji aondoke akidhani nasema andika jina na mambo yamekwisha. Miongoni mwa wale waliovuka Rusumo walikuwamo waliokimbia kuuawa, walikuwamo wengi waliokimbia vita tu, na walikuwamo wauaji. Jean-Baptiste Gatete, aliyewahi kuwa meya wa wilaya ya Murambi na ambaye baadaye alihukumiwa Arusha kwa mauaji ya kimbari, alikuwa Benaco. Juni 1994 ilipojaribiwa kumwondoa kambini, umati ulifanya ghasia mpaka wafanyakazi wa misaada wakahofia maisha yao. Mwishoni mwa mwaka huo tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka lilijiondoa kwenye kambi za Zaire na Tanzania, likisema misaada inawanenepesha waliopanga mauaji.

Sura haisemi nani ni nani. Kamera ikiwakuta watu elfu mbili wamekaa chini, wamechoka na wana njaa, wote wanatoka picha moja, na mtazamaji wa Paris anawahurumia wote kwa kipimo kimoja. Hapo ndipo naona jina lina kazi kubwa kuliko heshima. Mtu aliyeandikwa jina na mahali alipotoka anaweza kuulizwa, ama kwa wema ama kwa ubaya. Umati usio na jina ni pazia zuri kwa mwenye la kuficha.

Na upande wa pili upo. Wanawake wa Dadaab walikuwa wakibakwa walipotoka kutafuta kuni, na habari hiyo ilijulikana tangu 1993. Mwanamke aliyepatwa na jambo hilo, katika jamii inayomtupia yeye lawama, jina lake likiandikwa chini ya picha linaweza kumfuata mpaka kwa wajukuu. Kwa hiyo sidai kila mtu atajwe. Nadai kwamba kutajwa au kutotajwa kuwe uamuzi wake yeye, baada ya kuelezwa kwa lugha anayoielewa na kupewa muda wa kwenda kuuliza nyumbani. Na kuna wakati hata picha yenyewe inafaa inyamaze. Msanii wa Chile, Alfredo Jaar, alikwenda Rwanda Agosti 1994 akapiga picha nyingi, kisha mwaka uliofuata akazifungia kwenye masanduku meusi, juu ya kila sanduku ameandika maneno ya kueleza picha iliyomo. Anayeingia kwenye maonyesho anasoma, haoni. Kazi ile kwangu ni ya ujasiri, ijapokuwa si njia yangu.

Njia yangu imetoka studio. Kabla ya mashirika na kambi, watu wa pwani na bara walikuwa wanajua kupigwa picha. Unguja, Capital Art Studio ya Ranchhod Oza ilifunguliwa mwaka 1930. Mombasa kulikuwa na N. V. Parekh, ambaye maharusi na marafiki walipanga foleni kwake. Mtu alikwenda studio amechana nywele, amevaa nguo ya Idi, ameshika redio au ua, akaketi. Mpiga picha alimrekebisha kidevu, lakini jinsi ya kuonekana ilikuwa yake, kwa sababu ndiye aliyelipa na ndiye atakayeondoka na picha. Sioni kwa nini mtu huyo huyo akivuka mpaka na kupewa turubai haki hiyo imwishe.

Nimepiga picha Nyarugusu, wilayani Kasulu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo na ambayo tangu 2015 imepokea pia Warundi. Kulikuwa na mama mmoja wa upande wa Fizi, Kongo, mtu mzima, nilimkuta anapepeta mchele mlangoni. Mwanga ulikuwa mzuri ajabu, ukipita kwenye vumbi la pumba. Nilimsalimu, nikajieleza, nikaomba.

"Ngoja kwanza, binti yangu," akasema. "Usinipige hivi, niko muchafu."

Akaingia ndani. Akatoka amefunga kitenge cha kijani na kilemba chake, ameweka hereni, nyuma yake mjukuu anasukuma cherehani. Akachagua mwenyewe mahali pa kuiweka, upande ambao ule ukuta wa tofali haukuwa na nyufa. Akaketi, mkono mmoja juu ya gurudumu la cherehani, miguu yote miwili kwenye pedeli kama yuko kazini. Ndipo akaniuliza picha itakwenda kukaa wapi. Nikamwambia: shirika fulani, ripoti yao, mtandao wao, labda na maonyesho. Akafikiri.

"Andika mushonaji. Ya ukimbizi watajua wenyewe."

Mwanga wa pumba za mchele ulikuwa umepita. Picha niliyoipata ina mwanga wa saa tano, mkali, usio na huruma, na ni mojawapo ya picha ninazozijali zaidi kuliko zote nilizopiga. Macho yake yanakutazama kama anavyomtazama mteja aliyeleta kitambaa kifupi.

Shirika lililoniajiri liliikataa. Ofisa wa mawasiliano aliniandikia kwamba mama amependeza mno, wafadhili hawataelewa shida iko wapi, na akauliza kama nina picha za watoto pekupeku. Akatumia maneno "hali halisi". Nilimjibu kwamba hiyo ndiyo hali halisi: ni fundi, ana cherehani moja, mgao wa chakula umepunguzwa, na mgeni alipokuja na kamera alivaa vizuri kama mtu yeyote aliyelelewa. Ukitaka kuonyesha kupungua kwa mgao, tumwombe atuonyeshe kikombe anachopimiwa, aeleze mwenyewe kilikuwa kinajaa mara ngapi. Picha haikutumika.

Najua hoja yao, na siidharau. Oktoba 1984 Mohamed Amin, mpiga picha mwenzetu wa Nairobi, Kenya, alirekodi njaa ya Korem, Ethiopia, na zile picha za alfajiri zilizorushwa na BBC ziliitikisa dunia. Mwaka uliofuata likaja tamasha la Live Aid, fedha zikachangwa, watu wakaishi ambao wangekufa. Asije mtu akaniambia picha ya dhiki haina faida. Lakini pale watu walikuwa wanakufa siku hiyo, na dunia ilikuwa haijui. Miaka 40 baadaye bado tunaletewa fremu ile ile ya mtoto na nzi, hata mahali ambapo shida ni ajira, au kibali cha kutoka kambini, au shule ya sekondari. Mashirika ya Ulaya yenyewe yaliona tatizo hilo, yakaandika mwongozo wa maadili ya picha mwaka 1989. Mwongozo upo. Kinachokosekana ni mtu wa ofisini kukubali kwamba mama aliyependeza naye anaweza kuwa na njaa.

Sheria nayo imeanza kutufuata. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, na ya kwetu Tanzania ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Picha ya sura ni taarifa binafsi. Ridhaa ya mtu si ile karatasi ya Kiingereza anayowekewa dole gumba akiwa kwenye foleni ya mgao, maana aliye kwenye foleni ya chakula hawezi kusema hapana kwa mtu aliyekuja na gari la wanaogawa chakula. Mimi huwa siombi picha siku ya mgao. Huwa nakwenda mara ya kwanza bila kutoa kamera. Na nikipiga, narudisha nakala iliyochapwa kwenye karatasi, kwa sababu simu huibiwa na mtandao una wenyewe. Gharama ya kuchapa naiweka kwenye bei yangu tangu mwanzo, na mteja akitaka kuifuta tunaachana kwa amani.

Kuna jambo moja bado sijalisema kuhusu picha za Ngara za 1994, nalo limenisumbua kuliko hayo mengine. Sisi wenyeji hatumo. Wahangaza na Washubi, ambao lugha yetu inasikilizana na ya waliovuka, tuliokuwa wa kwanza kuwapa maji na mihogo kabla lori la kwanza halijafika, hatuonekani. Wakimbizi walituzidi kwa idadi wilaya nzima. Miti yetu iliisha, bei sokoni zikapanda, wengine wakapata kazi kambini na kujenga nyumba za bati, wengine walioana na waliokuja. Desemba 1996 serikali ilipoamuru Wanyarwanda warudi, kuna watu Ngara waliolia kwa kutenganishwa na jirani, na kuna walioshukuru Mungu. Sijaona hata sura moja ya hayo kwenye makumbusho ya Ulaya. Picha ya kibinadamu ilihitaji mwenye shida na mwenye msaada, na mwenye msaada alikuwa amevaa fulana yenye nembo.

Lakini picha zipo. Wapiga picha wa mitaani walikuwa wanazunguka Ngara mjini, Rulenge, Kabanga na kule kambini kwenyewe na kamera zao za filamu, wakipiga kwa malipo. Mkimbizi aliyepata fedha kidogo alipiga picha. Mama yangu mdogo anayo moja, amesimama na mwanamke wa Kibungo, Rwanda, waliyekuwa wakiuza naye nyanya, wote wameshika mikoba ya kuazima. Nimeanza kuzikusanya: naziskani, naandika anayoyakumbuka mwenye picha, namrudishia ile ya asili siku hiyo hiyo. Zikifika za kutosha nataka zionyeshwe Ngara kwanza, ukumbi wowote utakaopatikana, kabla hazijapelekwa Dar es Salaam au kwingineko. Kama kwenu kuna albamu ya miaka ile, iwe upande huu wa Rusumo au upande wa pili, iulizie kabla wazee hawajaondoka. Geuza kila picha, andika nyuma nani ni nani, mlikuwa wapi, na yuko wapi sasa kama unajua. Tumia penseli. Wino hupenya mpaka usoni.